JE, WAJUA? Serengeti, Kamera na Vijana wa Kwenye Skrini

Kijana wa Mugumu au Sirari akitamka nyumbani kwamba anataka kuigiza filamu au kupanda jukwaa la mitindo, swali la kwanza la wazee huwa moja: utakula nini? Ni swali la haki, na wiki hii safu yetu inalichukua kwa uzito wake. Tumekusanya mambo ya kamera, waigizaji na wanamitindo, tukianzia Tarime na Serengeti, kisha tukavuka mipaka. Soma kwa mkupuo au dondoa utakalo.

NYUMBU WALITANGULIA

1. Je, wajua kwamba Serengeti ilishapata Oscar kabla Tanganyika haijapata Uhuru? Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walitengeneza filamu ya makala iliyotoka mwaka 1959, wakitaka dunia ijue kuwa Serengeti haipaswi kufa. Mwaka 1960 ilitwaa tuzo ya Oscar ya filamu bora ndefu ya makala.

2. Michael hakuuona ushindi huo. Tarehe 10 Januari 1959 ndege yao ndogo, iliyopakwa rangi ya milia kama pundamilia, iligongana na tumbusi angani ikaanguka. Alikuwa na miaka 24. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na baba yake, aliyefariki mwaka 1987, amelazwa papo hapo.

3. Eneo la kupigia picha la Serengeti si dogo. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, ina ukubwa wa kilomita za mraba 14,763, na tangu mwaka 1981 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

4. Zile picha za nyumbu wakijirusha mtoni huku mamba wakiwasubiri, ambazo umeziona kwenye runinga tangu utoto, nyingi hupigwa Mto Mara. Kwa upande wa Tanzania, wapiga picha hupiga kambi Kogatende na Lamai, kaskazini ya hifadhi, kuanzia mwezi Julai hivi. Mto huohuo ndio unaonywesha ng'ombe na mashamba ya watu wa Tarime na Serengeti kabla ya kumwaga maji yake Ziwa Victoria.

5. Mwaka 2019 ilitoka tamthilia ya wanyama kwa jina *Serengeti*, na humo kila mnyama alipewa jina na kisa chake kama mhusika wa riwaya. Nyani mmoja anaitwa Bakari. Kuna simba jike Kali, fisi Zalika na tembo Nalla. Waingereza waliisikia kwa sauti ya John Boyega, Wamarekani kwa sauti ya Lupita Nyong'o.

6. Mwaka 2022 aliyeongoza msafara mbele ya kamera alikuwa Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe, katika filamu ya *The Royal Tour* aliyoifanya na mwanahabari wa Marekani Peter Greenberg. Ilizinduliwa New York mwezi Aprili, kisha Arusha mwezi huohuo.

7. Jumlisha hayo yote upate hesabu hii: kwa miaka zaidi ya 60 kamera imekuja Serengeti kutafuta wanyama. Mtu wa hapa ameonekana kwa mbali, akiwa na fimbo, akipita nyuma ya twiga.

MWANAMITINDO ALIYEITWA MAMA TEMBO

8. Je, wajua kwamba mwanamitindo mmoja wa Kiitalia alipewa jina la Kiswahili kwenye filamu ya Hollywood? Ni Elsa Martinelli, aliyeigiza na John Wayne katika *Hatari!* ya mwongozaji Howard Hawks. Filamu ilitoka mwaka 1962, lakini picha zilipigwa Tanganyika kabla ya Uhuru, hasa pande za Momella, chini ya Mlima Meru.

9. Elsa alizaliwa Grosseto mwaka 1935. Mwaka 1953, akiwa msichana wa kazi za kawaida jijini Rome, mbunifu wa mavazi Roberto Capucci alimwona akamvalisha. Akawa mwanamitindo, sura yake ikafika kwenye majarida ya Marekani, na mwaka 1955 tayari alikuwa akiigiza na Kirk Douglas. Mwaka uliofuata alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la Berlin. Kutoka kuonwa hadi tuzo: miaka 3.

10. Katika *Hatari!* yeye ni mpiga picha aitwaye Dallas, anayejikuta akilea ndama watatu wa tembo. Hawampi nafasi. Akienda, wao nyuma. Akiingia majini kuoga, wao wamo. Akisimama, mkonga unampapasa. Wenyeji katika filamu wanampaka rangi, wanamchezea ngoma na kumpa jina la Mama Tembo. Muziki wa tukio la kuoga, uliotungwa na Henry Mancini, hadi leo unapigwa duniani kote na watu wasiojua kwamba ulitungwa kwa ajili ya ndama wa tembo wa Tanganyika.

11. Hawks alitaka waigizaji wenyewe wawemo kwenye magari yanayokimbiza vifaru na twiga, bila watu wa kuwashikia nafasi. Mmoja wao, Mjerumani Hardy Krüger, aliipenda Momella kiasi cha kununua shamba na kuishi huko kwa miaka kadhaa.

KAMERA ILIPOWAGEUKIA WATU

12. Je, wajua kwamba filamu ya makala iliyopigwa Mugumu imewatazama wasichana wa Serengeti, na nyumbu wakawekwa pembeni? Ni *In the Name of Your Daughter* ya mwaka 2018, ya mwanahabari Giselle Portenier. Inawafuata wasichana wanaokimbia nyumbani usiku msimu wa ukeketaji unapofika Desemba.

13. Mwanamke anayewapokea kwenye filamu hiyo ni Rhobi Samwelly, mzaliwa wa mkoa wa Mara ambaye naye alikeketwa utotoni. Shirika lake la Hope for Girls and Women linaendesha nyumba salama Mugumu, na nyingine iko Butiama.

14. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa mkoani Mara, wanawake 32 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati wastani wa nchi ulikuwa 10. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ilishafanya kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai.

15. Tarime nako kuna kituo cha Masanga, ambako mamia ya wasichana hukaa kambini msimu huo ukiwadia. Hufundishwa, huimba na kucheza, na wazazi hualikwa siku ya kuhitimu. Ukitafuta mahali ambapo binti wa Kikurya amesimama mbele ya umati akasikilizwa, anzia hapo.

16. Na usisahau jukwaa la zamani kuliko hayo yote. Litungu la Wakurya, zeze kubwa la nyuzi nane lenye sauti nzito, lilikuwa na watazamaji wake kabla ya runinga. Mpigaji wake husimulia, huchekesha na kusifu, na kosa moja tu umati unamzomea. Huo ni usaili tosha.

KUTOKA KANDA YA ZIWA

17. Je, wajua kwamba Flaviana Matata alisomea mambo ya umeme Arusha kabla ya kuwa mwanamitindo? Mzaliwa huyu wa Shinyanga alishinda Miss Universe Tanzania mwaka 2007, mara ya kwanza shindano hilo kufanyika nchini, kisha akafika 10 bora ya dunia Mexico City.

18. Alipanda jukwaa hilo akiwa amenyoa kipara. Kati ya warembo wenye nywele hadi kiunoni, kichwa chake kilikuwa cha kwanza kuonekana. Kazi za New York zilifuata.

19. Mama yake alikuwa miongoni mwa waliopotea katika ajali ya MV *Bukoba* ya tarehe 21 Mei 1996, Ziwa Victoria. Flaviana ameanzisha mfuko unaosaidia wasichana kusoma, na pia ana kampuni ya vipodozi vya kucha.

20. Steven Kanumba naye ni mtoto wa Shinyanga, aliyezaliwa tarehe 8 Januari 1984. Alikwenda Dar es Salaam kusoma, akaingia kundi la Kaole, lililokuwa likiigiza michezo ya runinga, na humo ndimo alimojulikana.

21. Kanumba hakungoja Nollywood imfuate. Mwaka 2006 alitoka katika *Dar 2 Lagos* akiwa na Mercy Johnson wa Nigeria, na baadaye akaigiza na Ramsey Nouah. Alifariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28. Maelfu ya watu walifurika Leaders Club, Kinondoni, kumuaga.

22. Wema Sepetu, Miss Tanzania wa mwaka 2006, aliingia kwenye filamu kupitia *A Point of No Return*, akiigiza na Kanumba huyohuyo. Tangu hapo njia ya kutoka taji hadi skrini imepitiwa na wengi.

23. Katika shindano hilohilo la 2006, Jokate Mwegelo alikuwa mshindi wa pili. Akawa mwanamitindo, mwigizaji na mfanyabiashara, na mwaka 2018 akateuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe. Wanaodhani urembo ni mwisho wa akili wamsome.

24. Nancy Sumari, Miss Tanzania 2005, alirudi kutoka Sanya, China, na taji la Miss World Afrika. Baadaye aliandika kitabu cha watoto. Millen Magese, Miss Tanzania 2001, aliusema hadharani ugonjwa wa endometriosisi uliompeleka kwenye upasuaji mara kadhaa. Kwa kampeni hiyo alitunukiwa tuzo ya BET ya mwaka 2015.

25. Mashindano ya Miss Tanzania yalipigwa marufuku mwishoni mwa miaka ya 1960 na yakarejea mwaka 1994. Kwa hiyo msichana wa miaka ya sabini na themanini, hata angekuwa mrembo namna gani, hakuwa na jukwaa hilo.

26. Elizabeth Michael, ambaye wengi wanamwita Lulu, alianza kuigiza akiwa mtoto, huko huko Kaole. Mwaka 2016 filamu yake *Mapenzi ya Mungu* ilitangazwa Lagos kuwa filamu bora ya Afrika Mashariki katika tuzo za AMVCA.

MAJIRANI WANASEMAJE?

27. Je, wajua kwamba Iman, mwanamitindo Msomali aliyetikisa dunia, aliuzwa kwa hadithi ya uongo? Mpiga picha Peter Beard alidai alimkuta porini akichunga mifugo. Ukweli ni kwamba alimwona mtaani Nairobi mwaka 1975, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, binti wa balozi, mwenye lugha kadhaa kichwani. Alipoombwa kupigwa picha alitaka malipo ya ada ya chuo, na akalipwa.

28. Kijana wa Serengeti aihifadhi hiyo. Wapo watakaotaka uvae shuka na kusimama na mbuzi kwa sababu wanunuzi wa picha wanapenda hivyo. Ukikubali, kubali kwa bei yako. Iman mwenyewe aliingia kwenye uigizaji na kuonekana katika *Out of Africa* ya mwaka 1985.

29. Lupita Nyong'o alizaliwa Mexico City mwaka 1983 na kukulia Kenya. Akiwa na miaka 14 alicheza Juliet jukwaani Nairobi. Kabla ya Oscar yake ya mwaka 2014 alifanya kazi nyuma ya kamera katika *The Constant Gardener*, akatengeneza filamu yake ya makala kuhusu watu wenye ualbino, na akaigiza katika *Shuga*. Baada ya Oscar, kampuni ya Lancôme ikamchukua kuwa sura yake. Wajaluo wenzake wapo pande zote mbili za mpaka, Rorya wakiwemo.

30. Madina Nalwanga wa Kampala alipatikana kwenye darasa la ngoma. Hakuwa amewahi kuigiza filamu. Mwaka 2016 dunia ikamwona katika *Queen of Katwe*, chini ya mwongozaji Mira Nair, Lupita akiwa mama yake katika hadithi. Vikundi vya ngoma vya Tarime, mnasikia?

KAZI YENYEWE

31. Je, wajua kwamba filamu haipigwi kwa mpangilio wa hadithi? Unaweza kulia msibani asubuhi, na mchana ukafunga ndoa na marehemu. Matukio ya sehemu moja hupigwa pamoja ili kuokoa fedha, na mwigizaji lazima akumbuke alikuwa na hasira kiasi gani, na shati lilifungwa vifungo vingapi.

32. Sekunde 1 ya filamu ni picha 24. Kope likipepesa bila sababu, skrini kubwa inalikuza. Ndiyo maana waliozoea jukwaa la shule huambiwa wapunguze mikono.

33. Usaili wa siku hizi mara nyingi hutumwa kwa simu. Ukuta mtupu nyuma, mwanga wa dirisha mbele yako, simu imelazwa kwa upana, sauti ya jenereta imezimwa. Unataja jina na urefu, unageuka kushoto, unageuka kulia, kisha unaigiza kipande ulichopewa. Wanaopokea hawahitaji muziki wala rangi za kupendezesha sura. Wanataka kukuona ulivyo.

34. Unatafuta kipande cha kufanyia mazoezi? Mwana wa Butiama, Julius Nyerere, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, na *Mabepari wa Venisi* ilitoka mwaka 1969. Mkoa wa Mara umewapa waigizaji maneno mazito ya kutamka.

35. Sanaa ina shule. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, inafundisha uigizaji, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara yake ya sanaa za ubunifu.

36. Ajira ya uigizaji sasa haitegemei filamu za kuuzwa mkononi peke yake. Tamthilia kama *Huba* na *Jua Kali* zimerushwa Maisha Magic Bongo, Azam wana chaneli ya Sinema Zetu, na mwaka 2021 *Binti* ya Seko Shamte ikawa filamu ya kwanza ya Tanzania kuingia Netflix.

37. Tanzania imewahi kupeleka filamu kwenye kinyang'anyiro cha Oscar: *Maangamizi* mwaka 2001, na miaka 21 baadaye *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Adam Shafi. Mhusika Yasmin wa filamu hiyo amechezwa na Ikhlas Gafur Vora.

38. Katika vichekesho vyetu Mkurya huwa nani? Mlinzi, askari au mtu wa panga, mwenye hasira za karibu, na mara nyingi anachezwa na asiye Mkurya anayeiga lafudhi. Tunacheka, sawa. Lakini daktari, mwalimu na mpenzi wa hadithi nao wana lafudhi ya Tarime, na hao bado hawajaandikwa vya kutosha.

KABLA HUJASAINI

39. Je, wajua kwamba kupiga filamu bila kibali ni kuvunja sheria? Bodi ya Filamu Tanzania ipo kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976. Ukitaka kupiga ndani ya hifadhi, kibali cha TANAPA nacho kinahitajika. Prodyuza asiye na karatasi hizo anaweza kukuacha lokesheni ukijibu maswali.

40. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtumbuizaji pia, sio mtunzi peke yake. Sura na sauti yako ulizoigiza si mali ya kila mwenye kamera. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndiko pa kuuliza.

41. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Mkataba wake wa kuigiza au mitindo unahitaji mzazi au mlezi mezani, na ratiba isiibe masomo. Tangu mwaka 2022 ipo pia sheria ya kulinda taarifa binafsi, na picha yako ni mojawapo ya taarifa hizo.

42. Wakala wa kweli hula asilimia ya malipo unayopata. Anayekudai fedha ya "usajili" kwanza, au anayetaka kukutana nawe hotelini usiku peke yako, mkimbie. Binti asiende usaili bila mtu mzima anayemwamini.

43. Soma vipengele vinne vya mkataba kabla ya vingine: utalipwa kiasi gani, lini, picha zako zitatumika wapi, na kwa muda gani. Picha ya tangazo lililolipiwa mwaka 1 ikionekana mwaka wa 3, hiyo ni fedha yako.

44. Sasa lile swali la wazee. Waliotajwa hapa karibu wote walikuwa na kitu cha pili mkononi: Flaviana ana ufundi na biashara, Jokate ana utumishi, Lupita alijua kazi ya nyuma ya kamera, Iman alikuwa chuoni. Utakula nini? Utakula kazi hiyo ya pili hadi hii ya kwanza iive, na hata ikiiva usiitupe.

45. La mwisho ni kwa wenye shule, makanisa, misikiti na halmashauri za Tarime na Serengeti. Wageni wanalipa fedha nyingi kuja kupiga picha kwenye ardhi yetu. Fungueni kikundi cha maigizo shuleni, tafuteni simu moja nzuri na mwalimu mmoja mwenye moyo, na wasichana wapewe nafasi sawa na wavulana. Nawe mwenye kipaji, fanya mazoezi leo, maliza shule, na usisaini karatasi usiyoielewa.